Hedifoni mbili, simu moja: namna ya kuzilinganisha kabla hujatoa hela

Iwe ni duka la jirani na Mnara wa Saa wa Arusha au ule wa Moshi, mambo huenda hivi: muuzaji anakuvalisha hedifoni, anapandisha sauti mpaka mwisho, anaweka wimbo wenye besi, halafu anauliza, "Umeionaje hiyo?" Unasema kali. Anakuvalisha ya pili, nayo mpaka mwisho. Inayolia kwa nguvu zaidi ndiyo unayoondoka nayo. Hapo hujalinganisha ubora wa sauti, umelinganisha nguvu yake. Sikio likipewa vitu viwili vinavyokaribiana huchagua chenye nguvu zaidi, hata tofauti ikiwa desibeli 1 au 2 tu. Tena halikuambii "hii ina nguvu", linakuambia "hii ni safi".

Kwa hiyo kazi ni mbili: kusawazisha nguvu ya sauti, na kuhakikisha kila hedifoni imekaa vizuri kichwani mwako wewe. Mengine yote yanafuata hapo.

Jua kwanza unalinganisha nini

"Hedifoni kubwa" ni jina la vitu viwili tofauti. Kuna ya kukalia sikio, ambayo sponji inalala juu ya sikio na kulibana, na kuna ya kufunika sikio, ambayo sikio zima linaingia ndani na sponji inagusa kichwa pande zote. Usidanganywe na majina: Sony WH-CH520 ni ya kukalia, WH-CH720N ni ya kufunika, na kwenye rafu zinaweza kukaa bega kwa bega. Ya kukalia ni nyepesi na mara nyingi ni ya bei ndogo, lakini kelele za nje zinapita zaidi na masikio huanza kuuma mapema. Linganisha za aina moja.

Angalia pia mgongo wa kikombe. Ukiwa na wavu au matundu makubwa yanayopitisha hewa, hiyo ni ya wazi, imetengenezwa kwa kusikiliza nyumbani. Ndani ya haisi ya Sakina utasikia abiria wote, nao watausikia wimbo wako.

Maandishi ya kwenye boksi usiyape uzito. "20 Hz hadi 20 kHz", yaani kutoka sauti nzito kabisa hadi nyembamba kabisa, huandikwa karibu kila mahali na hakukuambii kitu, maana hakusemi besi ina nguvu kiasi gani ukilinganisha na sauti ya mwimbaji. Ukubwa wa spika nao hausemi mengi: Sony WH-1000XM4 ina spika za milimita 40, iliyoifuata, XM5, ina za milimita 30. Kwenye hedifoni za waya kuna namba moja yenye maana, nayo ni omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Kati ya 16 na 70 hivi simu inaimudu bila shida; Audio-Technica ATH-M50x, kwa mfano, ni omu 38. Zile za omu 250 au 300 ni za studio, na kwenye simu zitalia kwa unyonge hata ukipandisha mpaka mwisho.

Andaa simu nyumbani

Nyimbo za kujaribia zipakue kabla ya kutoka, usitegemee mtandao wa dukani. Wimbo uliotumwa mara tano WhatsApp au uliogeuzwa kutoka video haufai: umeshabanwa, na kasoro zake utaziona ni za hedifoni. Kwenye programu za muziki chagua ubora wa juu. Kbps 320 (kiasi cha data kwa sekunde) hula takriban MB 144 kwa saa, wakati kbps 96 hula MB 43 hivi, kwa hiyo pakua nyimbo nne au tano tu, bando halitaumia.

Zima ekwalaiza (kirekebisha besi na sauti za juu), Dolby, kiongeza besi na kila "sauti ya kuzunguka" iliyomo kwenye simu. Ingia pia kwenye mipangilio ya ufikivu uone kama sauti ya mono imewashwa. Ikiwa imewashwa, kushoto na kulia vitalia sawasawa, na utahukumu hedifoni nzuri kwa kosa la simu.

Zote mbili ziunganishe kwa njia moja: zote Bluetooth, au zote waya. Kama zina kuzuia kelele, zote ziwe zimewashwa au zote zimezimwa. Kuna hedifoni zinazobadilika sauti kabisa ukizima, besi inapotea kama imemwagwa.

Kusawazisha nguvu

Unahitaji simu ya pili yenye programu ya kupima desibeli na kipande cha karatasi ngumu ya boksi, kipana kuliko kikombe cha hedifoni.

1. Toboa tundu dogo katikati ya karatasi, upana wa penseli. Chini yake weka simu ya kupimia, maiki ikiwa usawa wa tundu.
2. Laza kikombe cha kulia juu ya karatasi, tundu likiwa katikati ya kikombe, sponji igande pande zote. Kandamiza kidogo kwa kiganja.
3. Kwenye simu ya kwanza cheza mvumo wa mfululizo, ule unaofanana na mvua kubwa juu ya bati. YouTube ipo mingi ukitafuta kwa jina pink noise.
4. Soma desibeli zikitulia. Tuseme 72.
5. Weka hedifoni ya pili mahali pale pale, panda au shuka mpaka isome 72, isipishane zaidi ya 1. Kumbuka kiwango cha sauti cha kila moja, kiandike.

Programu hizi hazijapimwa kitaalamu, kwa hiyo usichukue 72 hiyo kama ukweli wa usalama wa masikio yako. Hapa tunataka zifanane tu. Programu nyingi husoma kwa kipimo kinachopunguza uzito wa besi, na hilo linatusaidia: tunasawazisha eneo la sauti ya mtu, halafu besi tunaiacha ijieleze yenyewe.

Muuzaji akikutazama kama umekuja kufungua maabara, tumia njia ya mdomo: weka taarifa ya habari, sikiliza mtangazaji kwenye hedifoni zote mbili, panda na shuka mpaka aonekane anaongea kwa nguvu ile ile. Usisawazishe kwa ngoma. Ukibaki na shaka, ile uliyoanza kuipenda ishushe kidogo. Ikishinda hata hivyo, imeshinda kweli.

Sponji ndiyo nusu ya hedifoni

Hapa ndipo hukumu nyingi huharibika. Besi ya hedifoni iliyofungwa inategemea hewa iliyonaswa kati ya spika na sikio. Hewa hiyo ikipata upenyo, hata mwembamba kama mkono wa miwani, besi inavuja na kinachobaki ni sauti kavu ya redio ndogo. Hedifoni ile ile moja itakuwa "kali" kwa mwenye kichwa kipana na "haina kitu" kwa mwenye taya nyembamba. Ndiyo maana sifa za rafiki yako zinakusaidia nusu tu.

Jaribio lake ni la sekunde kumi. Cheza kipande chenye besi ndefu, kisha bonyeza vikombe vyote viwili taratibu kwa viganja. Besi ikipanda kidogo, hapo ni sawa. Ikiruka ghafla, sponji haijaziba. Sogeza vikombe mbele, nyuma, chini kidogo, kaza mkanda wa kichwani, ujaribu tena. Ikiendelea kuruka, hiyo si ya kichwa chako, hata ikiwa na jina kubwa kiasi gani.

Nenda na hali yako ya kila siku. Unayevaa miwani, vaa miwani. Unayevaa mtandio au hijabu, jaribu ukiwa nayo: kitambaa chepesi hupunguza sauti nyembamba za juu, na kizito huachia besi. Tafuta yenye sponji nene na laini inayojaza mikunjo. Mwenye rasta au twisti nene aangalie sehemu ya chini ya kikombe, nyuma ya sikio, maana nywele huinua sponji hapo. Mwenye mafundo juu ya kichwa, mkanda utamkandamiza pale pale kila siku.

Sponji za ngozi bandia huziba vizuri kuliko za kitambaa, lakini zina joto. Arusha asubuhi ya Julai utazifurahia kama kofia. Moshi mchana wa Februari, baada ya dakika 20, utazivua ujifute masikio. Za kitambaa hupumua, ila huvujisha besi kidogo na kunywa vumbi. Kwa anayeshinda Moshi mjini tungependekeza kitambaa, au ngozi bandia yenye sponji unayoweza kununua nyingine, kwa sababu jasho na unyevu huivunja ngozi bandia. Baada ya mwaka mmoja au miwili huanza kubanduka vipande vyeusi vinavyobaki shavuni.

Nini cha kusikiliza

Kumbukumbu ya sauti ni fupi mno. Usisikilize wimbo mzima kwa moja halafu mzima kwa nyingine. Chukua kipande cha sekunde 20 au 30, sikiliza, badili haraka, rudia kipande kile kile. Andika neno moja kabla hujabadilisha tena. Kufumba macho hakusaidii, kichwa kimeshaijua ipi ni nzito.

Anza na kwaya, na mikoa hii haina njaa ya kwaya. Chagua iliyorekodiwa vizuri, yenye sauti zote nne. Soprano itasikika kwenye hedifoni yoyote, hata mbovu. Swali ni je, unaweza kumfuata alto peke yake, mstari mzima, bila kumpoteza? Na teno akiingia, anaingia kama mtu mwingine au sauti zinashikana kuwa ukuta? Hedifoni iliyojaziwa besi kupita kiasi humeza alto na teno. Waimbaji wanasikika kama wamefunikwa blanketi. Iliyonyanyuliwa sauti za kati kupita kiasi inawafanya waimbe ndani ya ndoo.

Halafu singeli. Mdundo wake huvuka mapigo 200 kwa dakika, na hakuna kitu kinachoumbua besi ya uvivu kama huo. Kila pigo lisikike limeanza na limekwisha kabla ya linalofuata. Yakiungana kuwa mngurumo mmoja, huo ni uji. Wengi hudhani besi nyingi ndiyo besi nzuri. Kwa bongo fleva ya taratibu unaweza usione tofauti, kwa singeli utaiona ndani ya sekunde tano.

Muziki wa dansi unafaa kwa magitaa: solo likae upande wake, ridhimu upande wake, na gitaa la besi uweze kulihesabia nyuzi. Taarabu nayo ina fidla na kanuni, vyombo vinavyofichua sauti ya juu inayochoma.

Mwisho weka mtangazaji wa habari tena, sikiliza herufi s na sh: "siasa", "usalama", "mashirika". Zikikutoboa sikio kama sindano, hiyo hedifoni itakuchosha kabla ya saa moja kuisha, hata kama dukani ilionekana "ang'avu". Zikiwa butu mpaka "sasa" inakaribia "thatha", upande wa juu umekatwa.

Kabla ya kuivua, cheza sauti nzito inayopanda taratibu kuanzia 20 Hz hadi 200 Hz, kwa kiwango cha kawaida. Usikie kama kuna mtetemo au mkwaruzo upande mmoja. Mara nyingine ni unywele ulioingia kwenye kitambaa cha ndani ukigusa spika, unautoa na mambo yanaisha. Mkwaruzo ukibaki, spika imeumia.

Kelele za nje

Kuzuia kelele kwa umeme hufanya kazi vizuri kwa mvumo mzito usiobadilika: injini ya Kosta, feni, jenereta. Sauti za ghafla na za juu hazishiki vizuri. Honi ya bodaboda utaisikia, konda akigonga bati utamsikia, mtoto akilia utamsikia. Kinachozuia hizo za juu ni sponji na kikombe chenyewe. Kwa hiyo usimhukumu mtengenezaji kwa sababu bado unasikia watu wanaongea.

Dukani simama karibu na feni au jenereta. Vaa bila muziki, washa na uzime mara tatu. Mvumo unapaswa kushuka ghafla. Angalia pia kama unahisi masikio yamejaa, kama gari likiteremka mlima. Baadhi ya watu huumwa kichwa na hali hiyo na hawaizoei. Kipimo halisi ni safari ya Arusha hadi Moshi, kilomita 80 hivi, umekaa juu ya tairi la nyuma. Ukiweza kumfuata mtangazaji kutoka Usa River hadi Boma Ng'ombe bila kupandisha sauti, umepata. Nje kwenye upepo, kuna ambazo maiki zake hugeuza upepo kuwa mngurumo mbaya kuliko kelele yenyewe. Tembea nayo hatua hamsini kabla hujalipa.

Hili lina faida ya kiafya pia. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Mwenye sponji inayovuja ndani ya basi hupandisha sauti bila kujua, na hizo saa 5 anazimaliza kwa safari chache.

Juu ya bodaboda usivae kabisa: helmeti haiingii, na unahitaji kusikia gari la nyuma yako.

Mambo ya kila siku

Uzito hausikiki dakika ya kwanza. Chini ya gramu 250 wengi hawalalamiki; Apple AirPods Max, yenye karibu gramu 385, shingo itakukumbusha. Ivae dakika 15 nzima wakati mnapatana bei. Chunguza kama ncha ya sikio inagusa kitambaa cha ndani ya kikombe. Ikigusa sasa hivi kidogo, baada ya nusu saa itauma.

Piga simu ukiwa nayo, kutoka barabarani, umwulize wa upande wa pili anakusikiaje. Usishtuke muziki ukigeuka mbaya mara simu inapoingia: Bluetooth ikianza kutumia maiki hushusha ubora na kwenda mono, ndivyo ilivyoundwa. Unacholinganisha hapo ni maiki tu.

Kodeki, yaani njia za kubana sauti ili ipite kwenye Bluetooth, zina makelele mengi ya kibiashara. iPhone inatumia SBC na AAC pekee, kwa hiyo mwenye iPhone asiongeze hata shilingi kwa ajili ya LDAC au aptX. Android kuanzia toleo la 8 nyingi zina LDAC, lakini ikiwekwa kwenye kbps 990 hukatika katika sehemu zenye msongamano wa mawimbi. Stendi ni mojawapo. Sponji nzuri yenye SBC inaishinda sponji mbovu yenye LDAC kila siku ya wiki.

Kuchelewa kwa sauti kupime kwa gemu, usipime kwa YouTube, kwa sababu programu za video huichelewesha picha ili vilingane. Bonyeza, uhesabu pengo kati ya kidole na mlio.

Vitufe au kugusa? Tunapendelea vitufe. Sehemu za kugusa huchanganyikiwa na mvua ya masika na vidole vyenye jasho, na mtandio ukiteleza juu yake wimbo unaruka. Jaribu kuzitumia bila kuangalia, kwa mkono mmoja.

Umeme ukikatika na betri imeisha, je, inalia kwa waya? Nyingi hulia, baadhi hubadilika sauti kabisa, nyingine hazina tundu. Angalia ukubwa wa tundu: si zote ni milimita 3.5. Bose QuietComfort 45 ina tundu la 2.5 upande wa hedifoni, na ATH-M50x ina la 2.5 lenye kufuli, kwa hiyo waya ukikatika usitegemee kupata mwingine kwenye kibanda cha kwanza.

Betri ipime nyumbani siku ya kwanza, ndani ya muda wa kurudisha mliokubaliana na muuzaji. Ichaji ijae, icheze muda wa saa 3 kwa sauti ya nusu, uangalie asilimia. Iliyoandikwa saa 30 inapaswa kushuka 10 hivi. Ikishuka 30, betri imechoka au si halisi. Na hedifoni ya USB-C isiyochaji kwa waya wenye C pande zote mbili usiikimbize kwa fundi. Baadhi ya za bei nafuu zimeachwa bila vizuizi viwili vidogo vya umeme vinavyoiambia chaja itoe umeme. Tumia waya wa USB ya kawaida kwenda C, itachaji.

Feki

Iliyotengenezwa kwa kuiga jina kubwa huweza kufanana kwa macho. Ipime kwenye mzani wa jikoni na ulinganishe na uzito wa tovuti ya mtengenezaji. Ikipungua gramu 40, kuna kitu hakimo ndani. Fungua programu rasmi ya mtengenezaji uone kama inaitambua na kama kubadilisha ekwalaiza kunabadilisha sauti kweli. Kitufe cha kuzuia kelele kwenye feki mara nyingi huwasha taa tu: rudi karibu na feni, uthibitishe. Kunja na kunjua bawaba mara kumi ukisikiliza mlio wa plastiki, kisha zungusha jeki ndani ya tundu wimbo ukiendelea. Ikikatika upande mmoja sasa, baada ya miezi miwili itakatika kabisa.

Ya mtumba inaweza kuwa nzuri kuliko mpya ya bei ile ile, sharti sponji zake zipatikane. Pima urefu na upana wa sponji kwa rula kabla ya kuagiza, na ujue kwamba nene zaidi au ya kitambaa itabadilisha sauti, kwa kuwa spika imesogea mbali na sikio na hewa imepata njia nyingine. Ukishabadilisha, rudia lile jaribio la viganja.